Dhambi za Mtoto wa Miaka Tisa

Wifi yangu Anjelina aliungama dhambi zilezile, kwa maneno yaleyale, tangu mwaka 1962 hadi Kwaresima ya mwaka jana. Nasema haya kwa ruhusa yake. Kaniambia, "Andika, wewe ndiye mwenye mwandiko," na kweli mwandiko ninao. Nilimaliza darasa la saba kwa masista wakati wasichana wengi wanaishia la nne, na mpaka leo sijaanza kusahau.

Sote wawili ni Wamwera wa Nyangamara. Anjelina aliolewa na kaka yangu Xaveri, fundi seremala, wakahamia huku Tingi, Kilwa, mwaka 1979. Mimi niliwafuata mwaka 2001, baada ya kufiwa na mume. Wakristo wa hapa tunahesabika. Ukiwaondoa walimu na watu wa barabara wanaokuja na kuondoka, tunajaza mabenchi sita ya kigango, na la sita halijai vizuri. Xaveri alipofariki, Anjelina ndiye aliyeshika kuongoza jumuiya. Sala zote anazijua kwa kichwa, novena anazijua, litania hata umeme ukikatika haulizi mtu. Tulikuwa tunamwona kama mtu aliyekwisha kufika.

Kwaresima hiyo alikuja padri mpya, Mngoni, mtu wa maneno machache. Huja mara moja kwa mwezi, Jumamosi anaungamisha, Jumapili anasoma Misa. Anjelina aliingia kuungama, akatoka amekunja uso, akapita moja kwa moja mpaka kwangu. Nilikuwa napepeta mchele.

"Wifi, huyu padri kaniuliza kama wazazi wangu wapo."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia baba alifariki sabini na nne, mama mwaka wa mvua za elnino. Halafu akasema, 'Sasa mama, utii umewakosea lini?'"

Nilicheka mpaka nikaweka ungo chini. Kwa sababu mimi maneno yale nayajua. Tulipokuwa tunafundishwa komunyo ya kwanza, tuna miaka tisa, sista alituandikia mfano ubaoni: Nimewakosea wazazi wangu utii, nimesema uongo, nimechelewa Misa, nimepigana na wenzangu. Ulikuwa mfano tu, ili tujue namna ya kuanza. Sisi wengine kadiri tulivyokua tulibadilisha. Anjelina aliubeba ubao mzima mzima mpaka uzeeni.

"Na hiyo ya kupigana na wenzako," nikamuuliza, "unapigana na nani, na magoti hayo?"

"Cheka tu. Mimi mwanzo nilidhani ananitania, si unajua Wangoni ni watani zetu. Kumbe hatanii. Baraka kanipa, ila kasema mwezi ujao nimletee dhambi moja tu, iliyo yangu."

"Basi mpelekee moja. Zimejaa."

"Ipi?"

Sikumtajia, si kwa kuwa hana, ila si adabu.

Kesho yake, Jumapili, wakati wa komunyo watu walisimama kwenye mstari na Anjelina akabaki amekaa. Kiongozi wa jumuiya, amekaa benchi la mbele, mikono mapajani. Padri hakumkataza. Alijikataza mwenyewe. Hapa kwetu mtu mzima akibaki benchini watu wanajua ni mambo ya ndoa isiyo ya kanisani, kwa hiyo tulipotoka nje Mama Likwata, mwenzetu wa jumuiya, akaninong'oneza, "Mwambie wifi yako kama kaolewa kwa siri, sisi tunadai pilau letu." Nilimkemea, lakini na mimi nilitahayari. Nilimwambia Anjelina aache mambo hayo. Akasema hatapokea tena mpaka aijue dhambi yake, na kama haijui mpaka Pasaka, Pasaka nayo atakaa benchi.

Tangu siku hiyo hakutulia. Alifagia uwanja asubuhi akaufagia tena saa nne. Aliinjika maharage akayaacha yakaungua, akaenda shambani bila jembe. Kwangu alikuja mara tatu kwa siku, anajijaribishia dhambi kama mtu anayechagua nguo za mtumba.

"Wifi, wivu?"

"Wivu wa nani?"

"Wako. Ile cherehani aliyokununulia mwanao."

"Hiyo ya zamani, na cherehani yenyewe mbovu."

"Kusengenya?"

"Tunasengenya wote. Padri kasema iliyo yako."

Siku moja nilichoka. Nikamwambia, "Anjelina, tulia. Mtu wa umri wetu ameshafika, anangoja kuitwa tu."

Akaniangalia kama nimemtukana. "Nimefika wapi, wifi? Nina miaka sabini na mbili na dhambi za mtoto wa miaka tisa. Hiyo maana yake nilisimama palepale. Mwili ndio ulioendelea."

Nilirudi kwenye mboga zangu.

Wiki ya pili tulikuwa nyuma ya nyumba yake tunatwanga kisamvu, mchi mmoja, zamu kwa zamu. Katikati ya zamu yake akasimamisha mchi.

"Ile ya kwanza ni ya kweli," akasema.

"Ipi?"

"Ya wazazi."

Hapa inabidi nirudi nyuma kidogo. Anjelina ana mdogo wake mmoja, kitinda mimba, nyumbani tulimwita Mboni. Mwaka 1985 aliolewa na Abilahi, mfanyabiashara wa Kilwa Kivinje, akasilimu, akaitwa Zuhura. Mama yao alilia wiki moja kisha akakubali. Akawa anamtumia korosho na kumuulizia. Aliyekataa ni Anjelina. Mwaka 1998 mama yao aliugua, Anjelina akarudi Nyangamara kumuuguza, na mimi wakati ule nilikuwa bado naishi huko. Mvua zimeharibu njia, ni malori tu yanayopita, simu hakuna. Siku tatu za mwisho yule bibi alikuwa akiuliza neno moja tu: "Mboni kafika?" Barua ya kumwita niliiandika mimi kwa mkono wangu, nikampa Anjelina ampe Shamte, dereva wa lori la mbao, mwenyeji wa Tingi, ambaye alikuwa amesimama kijijini na alikuwa anarudi Kilwa asubuhi hiyo. Bibi akafariki, tukazika. Mboni alifika siku ya nne baada ya maziko, kwa habari alizozipata kwingine, akakuta udongo umeshaanza kukauka. Na sisi sote tukajua ya kuwa Shamte aliisahau barua mfukoni.

"Shamte sikumpa," Anjelina akasema.

"Hukumpa?"

"Nilikwenda mpaka kwenye lori. Nikamwambia safari njema. Nikarudi, barua nikaitia jikoni, ikaungua."

Nikakaa kwenye kinu cha pili. Nikamuuliza kwa nini, na aliyoyasema nayaandika kama alivyoyasema. "Mimi ndiye niliyekuwa namgeuza mama, namfulia, namlisha uji. Hakuniuliza hata siku moja kama nimekula. Kila nikiingia, Mboni kafika, Mboni kafika. Nikasema, aliyeiacha dini ya mama yake hatakuja kupokelewa kama askofu. Halafu miaka yote hii kila mwezi napiga magoti nasema nimewakosea wazazi utii, mdomo unasema na masikio hayasikii."

Hakulia. Alishika mchi akaendelea kutwanga mpaka kile kisamvu kikawa maji.

Kwenda Kivinje alitaka peke yake. Nikakataa, barua ni yangu pia. Tulikodi bodaboda mbili kule Nangurukuru tukafika kabla ya adhuhuri. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, maana mwaka jana mfungo wao na wetu ulikwenda pamoja. Zuhura, sasa naye mjane, alikuwa ukumbini anasuka ukili wa mkeka.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Mboni."

"Zuhura."

"Zuhura," Anjelina akasema, na nadhani ndiyo mara ya kwanza jina lile kutoka kinywani mwake. Alikaa chini na akasema yote, hakuzungusha. Mwenzake hakuacha kusuka. Alimaliza shupatu alilokuwa nalo, akaliweka, ndipo akauliza:

"Barua ilisemaje?"

Nikamsomea kwa kichwa, maana naikumbuka: Mboni, mama anakuuliza wewe tu. Panda gari lolote utakalopata.

Akainua uso. "Dada, nendeni. Sikufukuzi. Ila nikiendelea kukutazama nitasema neno la kuniharibia funga."

Tukaondoka. Njiani nilimwambia Anjelina kwamba ameshatimiza, sasa moyo utakaa. Baada ya siku mbili akaenda tena peke yake, akakaa ukumbini, Zuhura akasuka. Kabla hajaondoka mdogo wake akamuuliza kitu kimoja: mama alikuwa anakula nini siku zile? Anjelina akamjibu uji wa mtama, vijiko vitatu. Safari iliyofuata akaulizwa nani alimwosha. Iliyofuata, alivishwa nguo gani. Swali moja kila mara, na baada ya hapo Zuhura anainuka kwenda kupika futari bila kuaga. Anjelina alikuwa akirudi anakumbuka vitu ambavyo hakujua kama anavyo. Kwamba mama yake siku ya mwisho alimshika mkono akamwita Mboni, na yeye akauvuta mkono wake. Hilo nalo alikwenda kulisema.

Padri alikuja Jumamosi iliyofuata. Anjelina aliingia na dhambi moja, akakaa mle ndani mpaka mstari wa nje ukaanza kunung'unika. Pasaka akapokea komunyo. Mama Likwata akaniambia, "Naona ndoa imevunjika," tukacheka, na mimi kwa kweli nilipumua. Nilimpikia wifi yangu wali wa nazi na kuku. Nikasema, sasa basi.

Baada ya wiki akanikuta nakanda unga wa maandazi. Amevaa kanga za kutokea.

"Zuhura kaniuliza lingine jana," akasema.

"Bado anauliza tu?"

"Kaniuliza, na yule dereva, mmemwambia?"

Mikono yangu ikasimama kwenye unga. Shamte yuko hapahapa Tingi, ng'ambo ya barabara, mzee sasa, macho yamefifia. Nilipohamia huku nikamkuta jirani. Zuhura kamwambia Anjelina kwamba siku ya msiba wa Abilahi, Shamte alikwenda kumpa pole na yeye akamgeuzia mgongo mbele ya watu, kwa ajili ya barua ambayo mtu yule hakuwahi kuishika.

"Twende," akasema Anjelina.

"Nenda wewe. Aliyeitia barua jikoni ni wewe."

"Na aliyemtangaza?"

Nikafunika unga. Ni kweli, sina pa kukwepea. Anjelina miaka ishirini na saba alikaa kimya tu, hakuwahi kumsema Shamte. Aliyemsema ni mimi, harusini, matangani, bombani kwenye foleni ya maji. Alipokana kupewa barua yoyote, nilisema anaficha aibu. Jina la Shamte Barua, ambalo hata wajukuu zake wanamwita, nililitunga mimi, na nilikuwa najisikia vizuri kila nikilisikia, kwa sababu lilikuwa limekaa vizuri mdomoni. Mimi ambaye niliubadilisha ubao wangu wa dhambi tangu zamani, ambaye nilimcheka mwenzangu mpaka nikaweka ungo chini, jina hilo sikuwahi kulipeleka kwa padri yeyote. Halikunijia. Nilikuwa naungama hasira na uvivu wa sala.

"Ngoja ninawe mikono," nikamwambia.

Nilinawa polepole. Nikatafuta viatu ambavyo nilikuwa naviona. Nilipotoka nje, yeye alikuwa ameshavuka barabara, hakuningoja, na mimi ambaye sikimbii ovyo ilibidi nimkimbilie.