Nyumba Isiyo na Choo

Niliondoka Nguvumali asubuhi bila kujua naelekea wapi, nikiwa na begi moja na hasira. Nyumba yangu ilikuwa imebomolewa.

Ilikuwa nyumba ya kwenye mchezo, ule wa mtandaoni tunaocheza watu wa nchi mbalimbali, kila mmoja akitafuta mbao na mawe mpaka apate kujenga. Mimi niliyeacha shule mapema, nisiyekaa mji mmoja nikazoeleka, huko nilikuwa mwenye nyumba. Niliiwekea baraza mbele, kama za kwetu Tanga, na wageni ambao lugha zao sizijui walikuja kuketi pale. Sharti lilikuwa moja: usipoingia nyumbani kwako mwezi mzima, kiwanja kinatwaliwa. Kwa ajili ya sharti hilo nilikataa safari nyingi, za milimani na za pwani, kisa mtandao. Halafu simu ikapasuka kioo. Fundi wa mtaa wa Usagara akakaa nayo akisubiri kioo kingine, na aliponirudishia nikakuta ukuta wa mtu mwingine pale palipokuwa na baraza yangu.

Kwenye barabara ya Pangani nilipunga mkono, fuso lililobeba mabati likasimama. Dereva, mtu wa makamo, aliitikia shikamoo yangu kisha akauliza mbona nimenuna.

"Wamenibomolea nyumba."

"Lahaula! Mke na watoto umewaweka wapi?"

"Sina. Ni nyumba ya kwenye simu."

Alicheka mpaka akapunguza mwendo. "We bwana! Nimeshakuonea huruma, kumbe unalilia nyumba isiyo na choo!"

Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Nikacheka naye.

Tulipokwisha kuvuka mto Pangani, simu ikalia. Alikuwa mchezaji mwenzangu wa Mombasa, ambaye sijawahi kumwona uso.

"Kaka, kiwanja cha jirani yangu kimeachwa wazi. Nimekulindia. Ingia sasa hivi, kisije kikanyakuliwa."

Moyo uliniruka. Kisha nikatazama njia ndogo zilizokuwa zikichepuka kutoka barabarani, kila moja ikiingia nisikokujua. Nikikichukua kiwanja kile, nitarudi kuuliza kila nifikapo kama mtandao upo, hata kabla ya kuuliza maji.

"Mpe mwingine," nikamwambia.

"Una homa?"

"Mzima kabisa."

Na kweli nilikuwa mzima. Kifua kilikuwa chepesi, kama mtu aliyetua mzigo ambao alikwisha kusahau kwamba ameubeba.

Mabati yalikuwa ya mama mmoja wa kijiji cha Mwera, Mlutheri, ambaye wazazi wake walikuja pwani kukata mkonge wasirudi tena kwao. Tulipofika kwake nilisaidia kuyashusha, kisha nikamwuliza kama anajua pa kulala mgeni.

"Kipo chumba cha uani cha mwanangu, amehamia mjini," akasema. "Kimefungwa tu, mchwa wanakula milango. Nyumba inataka mtu ndani. Ufagie, ufungue madirisha, ulale. Ila mtandao huku ni wa kubahatisha. Vijana wenzio hawakai."

"Na nikitaka kuondoka, mama?"

"Si unaniachia ufunguo? Kwani nimekuoa?"

Dereva alicheka tena huko nje. Mimi niliupokea ufunguo, nikaingia, nikaweka begi chini na kusukuma dirisha. Liligoma, nikasukuma kwa bega, likafunguka.