Mgeni Hatembei Peke Yake

Lau ningalimwambia yule mtoto wa jirani, "La, sitaki," nisingalikuwa na haya ya kukusimulia. Neno moja tu. Lakini nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na wivu ulikuwa umenijaa. Nikasema, "Haya."

Wakati huo wageni wa likizo walitujia kwa miguu. Nani alikuwa na pesa za kukodi gari? Kila Desemba mwana wa mama mdogo alikuja kutoka bara, nami nilitumwa kivukoni Likoni kumpokea. Kikapu chake nilikibeba kichwani hadi Timbwani, kwa nyanya, ambaye alikuwa na sharti moja: "Mgeni hatembei peke yake." Nyumba ilinukia mahamri na mbaazi za nazi. Yule wa bara hata kukaa juu ya mbuzi akakuna nazi hakuweza, alijikuna vidole, lakini hamri kubwa lilikuwa lake. "Mtizame mwenzio," nyanya aliniambia. "Akiitwa, huitika labeka."

Mtoto wa jirani ndiye aliyeleta shauri. "Kesho bamvua, maji yatajaa kupita kiasi. Mpeleke mwambani umwache. Ajue bahari si mto wa kwao."

Sisi wa pwani twajua kuwa maji yakijaa hayaanzi mbele. Hupita nyuma kwanza, yakajaza mkondo ulio kati ya mwamba na nchi kavu, na aliye juu ya mwamba hana habari. Nilimpeleka maji yakiwa yamekupwa, viatu tumevishika mkononi. "Ningoje hapa, nakwenda kuchukua fimbo ya pweza." Akaningoja.

Mimi na mtoto wa jirani tukakaa ukingoni tukila embe mbichi kwa chumvi na pilipili. Yule wa bara alipogeuka akayaona maji, hakupiga yowe. Aliniita mimi.

"Ndugu yangu! Napita wapi?"

"Ita teksi, bwana mkubwa!" mwenzangu akamjibu.

Tulicheka hadi machozi yakatutoka. Na njia nilikuwa naijua, palikuwapo mahali ambapo maji yangemfika kiunoni tu. Sikumwonyesha.

Akajitosa. Mawe yakamchana mguu toka goti hadi kifundo, mvuvi mmoja akamtoa. Nyanya alipouliza, alisema ameteleza. Hakunitaja. Kidonda kikaoza, na kabla ya shule kufunguliwa mguu ulikatwa chini ya goti. Hakuja tena. Nyanya aliendelea kumwekea hamri kubwa kila Desemba, mpaka akafariki, wala sikumwambia kweli.

Nyumba yake leo ni ghorofa ya kupangisha. Mwezi uliopita, pale pale kivukoni, nilimsikia mzee mmoja mwenye mkongojo na mguu wa bandia akiwaambia wajukuu wake kwamba gari la kukodi halina haja, ufuo u karibu. Sura yake ilikuwa ya mama mdogo tupu. Nikamsogelea, nikajitaja.

"Karibu, ndugu yangu. Nikupeleke?"

Akanijibu kwa adabu yake ile ile.

"Ahsante, mzee. Nitamuuliza mtu mwingine."

Akamuuliza muuza madafu.

Mama yangu alizaa mtoto mmoja, mimi. Yule ndiye ndugu pekee niliyepewa. "Haya" yangu ilimgharimu yeye mguu, na mimi ilinigharimu yeye.