Lenzi Niliyoisingizia Ukungu

Harufu ya dawa ya kusafishia picha ilikuwa kali kama siki iliyomwagikia chuma, nayo ndiyo iliyokuwa harufu ya baba yangu. Ilikaa mikononi mwake, katika kola za mashati yake, na hata katika mkate aliotumegea asubuhi za Jumapili kabla ya kwenda kanisani. Studio yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yetu mjini Bariadi, wakati huo Simiyu haijawa mkoa, na msimu wa pamba ulipofika, nyuzinyuzi nyeupe zilizopeperuka kutoka kwenye malori ya kiwanda cha pamba cha Kasoli zilipenya chini ya mlango na kunata juu ya picha mbichi zilizoanikwa kwenye kamba. Ilikuwa miaka ya tisini, soko lilipofunguliwa. Wanunuzi binafsi walikuja na mizani zao, na wengi wao hawakujali tena kama mkulima ametenga pamba safi na pamba fifi. Walizipima pamoja, wakazishindilia katika gunia moja. Baba, aliyelelewa katika nyumba ambamo kuchambua pamba kulihesabiwa kuwa sehemu ya uadilifu, alilitazama jambo hilo kwa uchungu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na nilichotazama ni vitu: redio za rangi ya fedha, viatu vya raba, na taa za kamera zilizomulika kama radi.

Kamera ya baba ilikuwa ya zamani, ya aina ambayo mpigapicha hachungulii kupitia lenzi, bali kupitia kidirisha kidogo kilicho pembeni yake. Katikati ya kidirisha hicho mtu huonekana mara mbili, sura moja kamili na nyingine hafifu iliyoteleza kando. Unazungusha lenzi taratibu mpaka sura hizo mbili ziwe moja, ndipo unabonyeza. Kazi hiyo inadai macho mazuri, na macho ya baba yalikuwa yameanza kumsaliti. Hakumwambia mtu ila mimi. Mteja alipokwisha kuketi kitini, baba alijifanya kunifundisha, akanipa kamera na kuninong'oneza, “Niunganishie, mama.” Nami niliunganisha. Kwa hiyo nilijua, kabla ya kujua mengi mengine ya dunia, kwamba mtu mzima ameweka riziki yake katika macho yangu.

Lenzi yake ilikuwa moja tu, nayo iliona eneo dogo. Akitaka kupiga picha ya ukoo mzima ilimlazimu arudi nyuma mpaka barabarani, na ndani ya nyumba haikumfaa kabisa. Lakini picha aliyoitamani kuliko zote ilikuwa ya ndani. Mama yake, ambaye sisi sote tulimwita Mayu kwa sababu ndivyo baba alivyomwita, aliishi peke yake kijijini Mwamapalala tangu babu afariki. Miaka mingi ya kupikia mavi ya ng'ombe yaliyokaushwa, katika nyumba isiyo na dirisha, ilikuwa imeyachosha macho yake, na jua liliyachoma. Kwa hiyo hakukubali kukalishwa uani. Baba alitaka kumpiga palepale mekoni pake, wajukuu wakiwa wamemzunguka. Alihitaji lenzi pana, itakayowaingiza wote katika chumba kidogo, na tena yenye tundu kubwa la kumeza mwanga, ili asilazimike kumulika. Kumulika ndiko alikokuogopa. Picha za rangi zilikuwa zimeanza kusafishwa Mwanza, na alikuwa ameona jinsi flashi iliyokaa karibu na lenzi inavyoyageuza macho ya mtu kuwa mekundu. Kwetu, katika miaka ile, kikongwe mwenye macho mekundu hakuitwa mgonjwa wa macho. Aliitwa mchawi, na wapo waliokufa kwa neno hilo. Nililijua hilo kama mtoto anavyojua habari za wakubwa: nilikuwa nimelisikia, na sikuwa nimelifikiria.

Mchuuzi wa vifaa vilivyotumika alikuja kutoka Mwanza siku ya mnada, jina lake Sadiki, mtu wa maneno matamu na begi lililojaa vyuma. Alitandaza kitambaa mezani, akaweka juu yake lenzi mbili pana. Ya kwanza ilikuwa nene na nzito, kioo chake cha mbele kikubwa kama jicho la fahali; hiyo, alisema, inaona gizani. Ya pili ilikuwa nyembamba, tundu lake dogo, lakini iliuzwa pamoja na flashi mpya ndani ya boksi lake. Baba aliishika ile nene, akaigeuzageuza mbele ya mwanga, hakuiachia. Sadiki, aliyeona mauzo mawili yakielekea kuwa moja, akamcheka. “Fundi, mpigapicha gani mpaka leo anaomba ruhusa kwa jua?” Maneno hayo hayakumgusa baba. Yalinigusa mimi, kwa sababu shuleni wenzangu walikuwa wakiiita studio yetu Studio ya Jua, na jirani yetu wa mtaa wa pili alikuwa na flashi mbili.

Sadiki alikubali kuziacha lenzi zote mpaka mnada uliofuata. Baba alizijaribu jikoni kwetu, mlango ukiwa umeegeshwa, mama akikatakata michembe ya viazi vitamu ya kuchemsha. Akausafisha mkanda mwenyewe, akachapa picha ndogo ndogo, akaziweka mbele yangu pamoja na kioo cha kukuzia. Zile za lenzi nyembamba, zilizopigwa bila taa, zilikuwa nyeusi. Za ile nene zilinishangaza. Mama alikuwa ametoka gizani pole pole kama mtu anayefikiri, mvuke wa sufuria ulionekana, kisu kilionekana, na unywele mmoja uliochomoza chini ya kitambaa chake ulionekana. Hata leo naweza kuuchora unywele ule. Baba alisubiri kando yangu, mikono nyuma, kama mwanafunzi anayesubiri kusomewa matokeo. Nikasema, “Hii ina ukungu, baba.” Akauliza kama nina hakika. Nikasema sura ya mama haisomeki. Hakuichukua picha ajionee, kwa sababu alijua asingeona, na kwa sababu sikuwa nimewahi kumdanganya.

Tulikwenda Mwamapalala wakati wa likizo, ile lenzi nyembamba aliyoinunua na flashi yake zikiwa begini. Baba alikuwa amejiandaa. Alimweleza mama yake kwamba atazame pembeni, aukazie macho mtungi wa maji. Mayu alikubali, akaketi wima, akavaa khanga aliyoitunza kwa ajili ya Pasaka, akanivuta nikae karibu naye. Baba akapima umbali kwa hatua, kwa kuwa mimi nilikuwa ndani ya picha, akarudi nyuma hatua moja, kisha akauliza kwa upole, “Mayu, uko tayari?” Mama akiitwa na mwanawe humgeukia. Taa ikamulika.

Picha zilirudi kutoka Mwanza baada ya wiki mbili, tungali kijijini. Mayu aliitazama yake kwa muda mrefu, akaisogeza mbali, akaileta karibu. “Macho haya umeyatoa wapi?” alimwuliza baba, na wote wakacheka, naye akacheka. Baba aliichukua akaiweka juu ya kabati, akasema isitoke nje ya nyumba. Kesho yake niliitoa. Sina namna ya kulipamba jambo hilo. Ilikuwa picha ya kwanza ya rangi ambayo nilikuwa ndani yake, nami nilitaka ionekane. Niliipeleka kwa wanawake waliokuwa wakichambua pamba kwa jirani, ikapita mkono kwa mkono, na kelele zikapungua kadiri ilivyopita. Wa mwisho, mwanamke aliyekuwa akija kwa Mayu kila alfajiri kuomba kaa la moto, alinirudishia akiishika kwa ncha za vidole. Akasema bila hasira yoyote, “Kamera haimwonei mtu.”

Kaa la moto ndilo lililotuambia kwanza. Asubuhi iliyofuata hakuna aliyekuja kuliomba, wala iliyofuata hiyo. Kisimani wanawake waliacha nafasi mbele ya Mayu na nyuma yake. Ndama wawili wa jirani wakafa, na baba akaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba akieleza. Alieleza vizuri, kwa jinsi alivyokuwa msomi: kwamba flashi huingia katika jicho na kuangaza damu iliyo nyuma yake, na kwamba hata yeye angetoka hivyo. Mzee mmoja wa ukoo wetu wenyewe alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Umesema mwenyewe, ni damu.” Wiki hiyo tulimhamishia Mayu Bariadi. Aliacha ng'ombe wake kwa shemeji, akafunga mlango wake kwa kamba, akaketi mbele ya gari bila kugeuka. Aliishi nasi miezi tisa katika chumba cha nyuma, akikunja na kukunjua khanga zake, akiuliza kama mvua imefika kwake. Tulimzika mjini, kwa sababu baba hakuthubutu kumrudisha hata akiwa maiti kando ya mumewe.

Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alijilaumu kwa lile neno “damu”, na kwa kumwita mama yake wakati ule asiotakiwa kuitwa. Nilimsikia akijilaumu, nikamsikitikia, nikanyamaza. Amekufa akiamini kwamba ile lenzi nene ilikuwa mbovu. Nimekuwa mwalimu, nimewaadhibu watoto wa wengine kwa uongo mdogo kuliko ule, na sidhani kama nilikosea kuwaadhibu.

Leo simu ya kila mkulima huona gizani kuliko lenzi yoyote iliyowahi kutandazwa juu ya kitambaa kile. Mwaka jana niliipeleka picha ile kwa mama mmoja mwenye steshenari mjini Nyashimo, anikuzie, maana ilikuwa imeanza kubabuka. Aliipitisha kwenye skana, akaifungua kwenye kompyuta, na kabla sijaketi alikuwa ameshabonyeza mahali, na macho ya Mayu yakawa meusi, yametulia, macho yake hasa. Miaka thelathini ya aibu ilikuwa imeondoka kwa kidole kimoja, na yule mama hakusitisha hata mazungumzo yake kuhusu bei ya wino. Kisha akaikuza sehemu ya chini, nami nikaona nilichokuwa sijakiona katika karatasi ndogo: mtoto aliyeketi kando ya Mayu, yaani mimi, alikuwa na macho mekundu vilevile. Hakuna aliyeyaona, wala hakuna ambaye angeyatafuta.

“Na haya ya mtoto niyatoe, dada?” aliniuliza.

Nikamwambia ayaache.