Trekta Lililohesabiwa kwa Kidole

Utotoni niliamini kabisa kwamba trekta, kama ng'ombe, halihesabiwi kwa kidole. Ukizihesabu bolti zake, litazitema. Leo nimepita gereji moja pale Nyakato, nikanusa dizeli na vumbi la chuma, nikacheka peke yangu.

Siku moja ya utoto huo nilizihesabu bolti za injini ya trekta letu kuukuu. Kesho yake, mvua za kulimia zikiwa zimeshaanza, bolti moja ikawa inazunguka tu bila kukaza: nyuzi za tundu lake, ile mikato inayoishika bolti, zilikuwa zimelika. Nililia nyuma ya pipa hadi ziwa la jirani likaongezeka kina.

Fundi aliyeitwa na baba akalipanua tundu, akachonga nyuzi mpya, akapachika ndani yake springi ndogo ya kuishika bolti. Vumbi la chuma liling'aa kama dagaa juani. Niliposikia bolti imekaza, nikatoka mafichoni.

"Shikamoo, fundi. Ni mimi niliyeliharibu. Nilizihesabu."

"Marahaba. Zilikuwa ngapi?"

"Kumi na nne."

Alicheka mpaka spana ikamponyoka, akamgeukia baba, ambaye ghafla alianza kukagua tairi.

"Mwanangu, kuhesabu hakuli nyuzi. Baba yako alichomeka bomba kwenye mpini wa spana ili apate nguvu zaidi, akakaza kupita kiasi."