Kuku Kwenye Jalada

Kitu cha kwanza ambacho mtu hufanya na programu ya maigizo shuleni kwetu Jinja ni kuikalia. Sisemi kwa ubaya. Mabenchi ya ukumbi yana vumbi, watu wamevaa nguo zao za Jumapili au za Ijumaa kutegemea wanaswali wapi, na mlangoni kuna mwanafunzi anagawa karatasi safi bure. Wewe ungefanya nini? Mama zetu huitandaza taratibu, huishusha gomesi, lile gauni refu la mshipi, juu yake, halafu hutulia kama malkia. Onyesho likiisha, sisi wa kufagia tunaziokota zikiwa bado na joto.

Na kwenye jalada, miaka yote, kulikuwa na picha ya mgeni rasmi. Si ya waigizaji, wala chochote cha mchezo wenyewe. Mgeni rasmi kavaa tai, anatazama mbele kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Chini yake jina la mchezo kwa herufi ndogo, kana kwamba mchezo ni kisingizio tu cha kumleta. Nimeshaokota nyuso za madiwani, za wakubwa wa elimu, hata ya daktari mmoja wa meno, zote zikiwa na mikunjo isiyotokana na uzee.

Mwaka huu klabu yetu ilialikwa kuigiza Mbale, na mchezo tuliutunga wenyewe, kwa Kiswahili. Mzee mmoja mstaafu wa jeshi anaiendesha nyumba yake kwa filimbi. Mkewe anapiga saluti kabla ya kupakua chakula, watoto wanajipanga mstari kabla ya kulala. Siku ya kwenda kumposea mwanawe mke, mzee anakuta kuku kataga ndani ya buti lake moja na ameanza kuatamia. Mzee anatoa amri. Kuku hatii. Huo ndio mchezo wote. Mimi ndiye niliyekuwa nalia sauti ya kuku nyuma ya pazia, kazi inayohitaji kipaji kuliko mnavyodhani.

Kiswahili tulikichagua kwa makusudi. Kwetu lugha hii ina historia yake: watu waliijua kwanza kama lugha ya wanajeshi. Bibi yangu mpaka leo akisikia mwanamume anapaza sauti kwa Kiswahili, macho yake yanatafuta mlango wa nyuma. Ndiyo maana mzee wetu anaamrisha kwa Kiswahili kikavu cha kambini. Tulitaka watu waanze na woga kidogo, halafu kuku awaokoe.

Sasa, mchezo kama huo unauwekaje chini ya uso wa mtu aliyevaa tai? Nikanyoosha mkono kwenye kikao cha klabu. Mlezi wetu ni madamu wa Kiswahili, mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu.

"Madamu, swali."

"Kama ni la kijinga, kaa nalo."

"Mgeni rasmi wa Mbale ni nani?"

"Mkubwa mmoja wa magereza. Kwa nini?"

"Na mabenchi ya Mbale yana vumbi?"

"Mbale yote ina vumbi. Kwa nini, wewe mtoto?"

"Basi kwa heshima zote, madamu, watu wa Mbale watamkalia afande usoni. Mbele ya askari wake."

Mwenzangu anayecheza mzee alijifanya anakohoa. Madamu alitazama dari muda mrefu, na niliona pembe ya mdomo wake ikipigana na yeye. Kisha akaninyooshea kidole.

"Toka nje."

Nikatoka. Baadaye kidogo akanifuata barazani.

"Haya, chora jalada la kwako," akasema. "Lakini nitakagua mabenchi mwenyewe. Nikikuta wamelikalia na la kwako, mwakani picha inarudi, na hutanisumbua tena mpaka umalize shule. Umesikia?"

"Nimesikia, madamu."

"Na usichore kitu cha kunifukuzisha kazi."

Nikamwambia ni kuku tu. Buti sikulitaja.

Kuku nilikuwa naye nyumbani Mafubira, wa mama, mwenye dharau ya kutosha. Tatizo lilikuwa buti. Kwetu raia hakai na buti la jeshi nyumbani eti la kuchorea. Utaulizwa maswali ambayo hayana majibu mazuri. Nikaenda kwa jirani yetu, askari jela kutoka kaskazini, mtu mpole ambaye kila jioni hunywa chai barazani bila kuvua sare.

"Afande, naomba kuazima buti moja."

"Buti ya serikali haiazimwi."

"Nataka kulichora tu."

Akafikiri. Akanyoosha mguu, akauweka juu ya kigoda. "Kama ni kuchora, chora nikiwa ndani."

Basi nikachora yeye akiwa ndani. Kila jioni, yeye na chai yake, mimi na kalamu yangu nyeusi. Nilijifunza kwamba buti si kiatu kikubwa tu kama nilivyodhani. Lina kiwiko pale linapokunjika vidoleni, lina upande mmoja ulioliwa zaidi, na kamba zake zinapita moja kwa moja kama ngazi, si kwa misalaba kama za viatu vyetu vya shule. Jirani akichoka alikuwa anasema, "Bado tu? Hata jela watu wanamaliza kifungo." Picha ilipokamilika nikaufuta mguu wake na mahali pake nikamkalisha kuku, kifua mbele, jicho moja likimtazama msomaji kama anayemwambia: sogea uone. Hakuna kingine. Jina la mchezo nililiandika kubwa kabisa, kwa mkono, juu ya kichwa cha kuku.

Kisha duka la kupiga chapa, mjini. Fundi wa pale ni mtu wa harusi na mazishi. Kila kitu kinachotoka kwenye mashine yake kina maua pembeni na njiwa wawili juu. Ukifurahi njiwa, ukifa njiwa.

"Kuku mzuri," akasema. "Maua niweke wapi?"

"Usiweke."

"Hata hapa pembeni?"

"Hata pembeni, fundi."

"Pamebaki peupe sana. Watu watasema sikumaliza kazi."

"Huo weupe ni wa kwangu. Mwambie anayeuliza aje kwangu."

Alinitazama kama niliyekataa kuombewa. Lakini akapiga, wino mweusi kwenye karatasi ya njano, bila ua hata moja. Zilipoanza kutoka, moja juu ya nyingine, kuku, kuku, kuku, wote wananitazama, nilisikia kitu kifuani ambacho sikukipata hata siku nilipofaulu hesabu. Naam, nilifaulu hesabu, siku moja.

Madamu aliliona buti siku hiyo, zimeshapigwa zote. Alifumba macho. "Banange, jamani," akasema, "Mungu anisaidie mimi." Lakini hakurudisha hata moja.

Mbale tulifika mchana. Ukumbi ulijaa mapema: askari jela na wake zao, polisi wachache, wafanyabiashara wa kofia na kanzu, watu waliotoka mpaka Nakaloke. Mashati yalikuwa yamepigwa pasi mpaka unaweza kujikata. Na mabenchi, wallahi, yalikuwa na vumbi la kupandia muhogo.

Nilijibanza kwenye tundu la pazia. Sikuwa naogopa mchezo. Sauti ya kuku naijua. Nilikuwa naangalia mikono ya watu.

Wa kwanza alikuwa mke wa askari, mrefu, gomesi ya zambarau. Akapokea programu mlangoni, akaja mpaka kwenye benchi. Akatazama vumbi. Akatazama karatasi. Mkono wake ukaanza kushuka na karatasi, nami nikaacha kupumua. Kuku akamtazama. Mwanamke akacheka peke yake, akaitia karatasi kwapani, akatoa hanchifu yake na kufuta benchi. Kisha akamwonyesha jirani yake. Jirani naye akapanguza benchi kwa kiganja. Nikaona mzee mmoja wa kanzu, kanzu nyeupe kabisa, akikunja programu na kuitia mfukoni, halafu akakaa hivyo hivyo kwenye vumbi. Nilitamani kwenda kumbusu kofia.

Afande alikuja mwisho, na kiti chake kilikuwa na mto, kwa hiyo yeye hakuwa na sababu ya kukalia chochote. Alipewa programu, akavaa miwani. Madamu kando yake alikuwa amekauka kama samaki wa Namasagali. Afande akaisogeza karatasi karibu, akaiweka mbali, akaisogeza tena karibu. Akamuuliza madamu kitu. Madamu akanyoosha kidole kwenye pazia, pale pale kwenye jicho langu, nikaanguka juu ya ngoma.

Mchezo ulikwenda vizuri mno. Mzee alipomwamrisha kuku ageuke nyuma, watu wa magereza walicheka kuliko wote, wakipigana mabega, na mmoja akapiga kelele, "Afande, huyo kuku apewe cheo!" Mwishoni mgeni alisimama kuhutubia, programu mkononi.

"Mimi nilizoea," akasema, "nikiitwa kwa shule, nakuta sura yangu kwa karatasi. Leo nakuta kuku." Ukumbi ukaangua kicheko. Akangoja. "Na hii buti si ya kuota ndoto. Hii buti imefanya kazi. Nani alichora?"

Wenzangu walinisukuma nje ya pazia na manyoya ya karatasi bado kichwani. Afande akanitazama chini mpaka juu.

"Ni wewe? Ulimvua nani buti?"

"Hapana, afande. Alikuwa ndani."

Sikuwa nimewahi kuchekesha ukumbi mzima kwa kusema ukweli. Nilipiga saluti, kwa mkono wa kushoto, nikakimbia.

Watu walipotoka, madamu akanishika bega. "Twende kwenye mabenchi."

Tukapita mstari baada ya mstari. Vumbi lilikuwa limebeba alama za makalio ya kila cheo, na hakuna karatasi. Hakuna hata chini ya mabenchi, hata mlangoni. Mwendo wa madamu ulizidi kulainika. Nilikuwa nimeshaanza kutembea kama mtu mwenye mali, ndipo tulipofika mstari wa nyuma.

Alikuwa amebaki mtu mmoja, anasubiri kunisalimia. Shangazi yangu wa Namakwekwe, hapo hapo Mbale, muuza vitenge, mwanamke wa kilo na sauti. Chini yake, pembeni, ilichomoza ncha ya karatasi ya njano.

"Huyu amekalia," akasema madamu.

"Madamu, huyu ni shangazi yangu!"

"Ndiyo vibaya zaidi."

"Shangazi," nikasema, "wewe? Watu baki wamefuta mabenchi kwa mikono, wewe damu yangu unamkalia kuku wangu?"

"Kwani unanifokea mbele ya mwalimu wako?" Akafungua mkoba, akatoa programu nyingine, safi, imewekwa katikati ya vitenge viwili isikunjike. "Mimi nilichukua mbili. Hii inakwenda dukani kwangu, ukutani, watu wa Namakwekwe waone mtoto wa kaka yangu ni nani. Ile nyingine ni ya gomesi. Gomesi ni mpya, mama. Ningefanyaje?"

Madamu alicheka mpaka akakaa kwenye vumbi, yeye na sketi yake ya kazini. Alipomaliza alijifuta macho.

"Mwakani," akaniambia, "anza kuchora mapema. Na kama kuna buti, niambie kabla."

Nilipotafuta ya kwangu ya kwenda nayo Jinja, zilikuwa zimekwisha. Shangazi alikataa kutoa ya mkoba. Akainuka kidogo, akaivuta ile ya chini, akainyoosha kwa kiganja juu ya goti lake na kunikabidhi kwa mikono miwili, kama cheti. Nimeibandika juu ya kitanda changu Mafubira. Kuku amebonyea kidogo ubavuni, lakini jicho lake liko pale pale.