Chiti ya Kutovaa Buti

Kazi hii ya kuandika ilianza Jumamosi, saa tisa na dakika kumi alasiri, hapa mtaani kwetu Mowlem. Kanisa limewaomba wazee waliostaafu waandike jinsi kazi zao zilivyokuwa, ili sisi vijana tusome. Mikono ya Babu inatetemeka, kwa hivyo yeye anasema, mimi naandika. Nilikubali kwa sababu ukiandika hakuna anayekulazimisha kuongea.

Tulikaa kwenye veranda, kati ya shuka zilizoanikwa. Upepo ulizijaza zikatoa tumbo, halafu zikalala tena. Ndani ya daftari langu kulikuwa na karatasi ambayo Babu hakuijua: fomu ya kujiunga na jeshi. Usajili ni Jumatatu. Nilikuwa nimeijaza yote kwa kalamu, hata swali la kumi na moja: umewahi kutibiwa ugonjwa wa akili? Nilikuwa nimeandika Hapana.

Ukweli ni kwamba nikiwa kidato cha tatu niliacha kulala, kisha nikaacha kula, kisha nikaanza kusikia darasa likinong'ona jina langu hata kama limefungwa na hamna mtu. Nililazwa wiki tatu. Tembe nilimeza hadi mwaka jana. Mama aliwaambia watu ni vidonda vya tumbo, na hata Babu anajua vidonda vya tumbo. Juzi Mama alisimama nyuma yangu nikijaza fomu. "Weka Hapana, Mwende. Wakijua hawakuchukui." Na mimi nataka sana wanichukue. Huwa naota mahali ambapo watu wote wanaamka pamoja, na mtu anakuambia sasa lala.

"Andika," Babu akasema. "Siku ya kwanza nilifika zahanati ya kambi saa kumi na moja alfajiri, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Sajini wa zahanati akaniuliza, 'Wewe ndiye dresa mpya?' Nikasema, 'Ndiyo, afande.' Akanipa ndoo na kitambaa. 'Basi anza na sakafu. Vidonda vitakuja vyenyewe.'"

Dresa ni mtu wa kuosha na kufunga vidonda. Kila asubuhi kabla ya gwaride wagonjwa walipanga foleni, daktari akawaona, na dresa akaandika chiti, yaani kikaratasi cha kumpumzisha mtu kazi fulani. Kulikuwa na chiti ya kazi nyepesi, ya kutokimbia, ya kutovaa buti. Na kulikuwa na moja ambayo hakuna aliyeitaka: chiti ya kutoshika bunduki, ya wagonjwa wa akili.

"Kwa nini hawakuitaka?"

"Unasimama gwarideni mikono mitupu, kikosi kizima kinakuona. Jioni kantini wanakuuliza, 'Bwana mkubwa, leo ndege wamekwambia nini?'"

Baada ya miaka mitatu Babu alihamishiwa kambi ya kaskazini, chini ya Kapteni Daktari, mtu mpole ambaye hakuwahi kupaza sauti. Huyo ndiye aliyemfundisha ujanja. "Dresa, huyu akili imechoka. Andika miguu." Mwenye chiti ya kutovaa buti halindi lango, na asiyelinda lango hapewi bunduki. Atapumzika na hakuna wa kumcheka. Kwa hivyo hapakukosekana watu wawili watatu wenye miguu mizima waliofagia kambi wakiwa na champali.

"Walifagia polepole," Babu alisema, macho yake kwenye shuka, "kama watu wanaotembea ndani ya maji. Nilidhani tunawatendea wema."

Mmoja wao alikuwa Koplo. Jina lake Babu hakulitaja. Lori lao lilipinduka mchangani, na akakaa chini yake na wenzake wanne tangu asubuhi hadi jioni. Ni yeye peke yake aliyetoka hai. Miezi minane Babu alimwandikia miguu. Kisha Kapteni akahamishwa, akaja Meja Daktari, mtu wa sheria. Akafungua faili: miguu, miguu, miguu. Akamwambia Koplo avue champali, akamgeuza nyayo kama mtu anayechagua viazi sokoni.

"'Koplo, miguu hii inaweza kwenda Mombasa na kurudi. Kesho uko langoni.'"

"Na wewe ulikuwa wapi, Babu?"

"Nilikuwa nimeshika faili."

Shuka zilipanda, zikashuka.

"Ningesema, wangeuliza nani aliandika uongo. Mama yako alikuwa amezaliwa juzi tu. Nikanyamaza."

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, lori la chakula lilifika langoni. Koplo aliweka bunduki chini, akaingia uvunguni mwa lori, akawa anawaita wenzake kwa majina, akiwaambia wavumilie, wanakuja kutolewa. Alishtakiwa kwa kuacha silaha lindoni. Walitafuta kwenye faili kitu cha kumtetea, wakakuta miguu. Alifukuzwa bila pensheni na bila matibabu.

Babu alihudumu kambi mbili zaidi, akawa Sajini, akamalizia kwenye meza ya kupima makuruta. "Sikuandika miguu tena. Niliowaandikia mikono mitupu walinichukia. Wengine walitibiwa wakarudi kazini, wengine hawakurudi. Lakini kila mmoja, faili lake lilimjua. Hiyo tu ndiyo naondoka nayo. Hapo weka nukta."

Niliweka nukta. Kisha nikasikia sauti yangu. "Babu, mimi sijawahi kuwa na vidonda vya tumbo."

Nikamwambia yote, nikiangalia vidole vyangu. Hakusema pole. Aliuliza kama dresa.

"Sasa unalala?"

"Nalala."

"Unakula?"

"Si unaniona."

Alicheka kidogo. Nikampa fomu. Alivaa miwani, akaisoma mpaka namba kumi na moja, akakaa hapo.

"Ukiandika Ndiyo, wanaweza kukurudisha nyumbani palepale mezani," alisema.

"Wewe ungenirudisha?"

"Ningekupeleka kwa daktari kwanza. Yeye angesema nini, sijui."

"Na hii Hapana?"

Aliikunja fomu, akanirudishia. "Kwa Hapana hiyo ningekupa buti, upite."

Asubuhi iliyofuata, Jumapili, Mama alitangulia kanisani. Mimi nikaenda saiba, kwenye duka la kompyuta.

"Niaje Mwende," kijana wa saiba akasema. "Si nilikuprintia hii juzi?"

"Nilikosea."

"Wapi?"

"Kumi na moja."

Nilikaa kwenye benchi nje, fomu mpya juu ya magoti. Niliandika Ndiyo. Chini yake waliacha mistari miwili ya maelezo. Niliandika zile wiki tatu, jina la tembe, na mwezi nilioacha kusikia jina langu. Mistari ikajaa. Nikageuza karatasi, nikaendelea nyuma.