Maneno Yangu, Si ya Ofisi

Miaka ya tisini nilikuwa karani wa ofisi ya maji mjini Wajir, na habari zote za mji zilipita kwenye taar, yaani redio ya upepo iliyokuwa dukani kwa jirani yetu. Ukiongea na mtu wako, duka zima linakusikia, na kila redio iliyo hewani kutoka Eldas hadi Mandera inakusikia. Siri hakuna. Ndiyo maana sisi watu wa mshahara tulikuwa na desturi: kabla ya kutoa maoni, unatangaza kwamba hayo ni maneno yako, si ya ofisi. Tulidhani tumejikinga. Wajinga sisi!

Mwaka mmoja wa ukame nilipiga taipu barua ya ofisi iliyosema kisima cha Eldas kinatoa maji. Fundi alikuwa ameshaniambia pampu imekufa. Jioni hiyo abti, kaka yake mama, akaniita kwenye taar kutoka Lafey. Amesikia habari ya barua, anataka kuhamisha ngamia. Ngamia wale ndio walionisomesha. Nikabonyeza kitufe.

"Abti, haya ni maneno yangu, si ya ofisi. Usiende."

Hakwenda, wala wengine waliosikia hawakwenda. Mdomo ukaponza kichwa: bwana mkubwa wa ofisi, mgeni kutoka bara asiyejua Kisomali, akanipa barua ya onyo. Nikirudia, kazi sina. Nilimchukia, ingawa nilijua naye anabanwa na wakubwa wake.

Wiki tatu baadaye ofisi ikatangaza pampu imetengenezwa. Mifugo haikusogea hata hatua moja. Bwana mkubwa akanifuata dukani, akasimama nyuma yangu nikimwita abti. Nilimwambia abti kuna mgeni, basi akajibu kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Barua ya ofisi mimi nasikia. Hiyo hana baba. Wewe iko na baba. Wewe nasema nini?"

"Mwambie ni maneno yako," bwana mkubwa akaninong'oneza.

Nikamuuliza kama maji ameyaona kwa macho. Akakuna kidevu. Ameandikiwa tu. Wallahi, ngamia wa abti walikuwa kule na mshahara wangu umesimama mgongoni.

"Abti, haya ni maneno yangu: ngoja siku mbili. Naenda kuyaonja maji."

Nikasubiri kufukuzwa. Bwana mkubwa akatoa ufunguo wa gari la ofisi mfukoni, akauliza kama njia ya Eldas ina mchanga mwingi.